Vidole Vinne

Mwaka ule walipotangaza tusalimishe silaha kwa hiari,
nilikuwa nimeshauza robo ya shamba la Msongola
na wanunuzi wameshapiga vigingi.
Gobori lilikuwa darini, limelala na jembe lisilo mpini.
Nikalifunga ndani ya mkeka,
nikapanda bodaboda mpaka Chanika.
Kijana akauliza: mama, bomba la maji?
Nikamwambia: bomba.

Kituoni, koplo Masalu, mtoto wa juzi,
akaligeuza, akalinusa, akatafuta linafungukia wapi.
Risasi zinaingilia wapi?
Mdomoni, mwanangu. Vyote huingilia mdomoni:
baruti, kisha makumbi, kisha risasi, kisha makumbi tena,
na kila tabaka hushindiliwa
mpaka mdeki wenyewe uruke mkononi, useme basi.

Makumbi nilikuwa nachambua mimi.
Ba'mdogo Mwarami hakutaka ya kuloweka,
alitaka makavu, ya nazi iliyoangukia juani,
niyachambue yawe laini kama nywele za mtoto wa siku arubaini.
Mimi na dole gumba langu tulikuwa nusu ya bunduki.
Usiku aliniweka nyuma ya mkorosho, nami nilisikiliza:
nyundo, ta!
fataki, chwi!
halafu kile kimya kifupi
ambacho nguruwe akikisikia yu hai bado,
halafu shamba zima la muhogo linakohoa.
Mara moja tu. Ukikosa umekosa;
mpaka ushindilie tena, nguruwe keshafika Mvuti.

Nyama hatukula.
Alikuja Kasmiri na toroli alfajiri, majirani hawajaamka,
na fedha yake ilinunua madaftari yangu.
Mwalimu wa chuo hakuuliza. Wala mimi sikusema.

Ina kitu ndani? koplo akauliza, kalamu juu ya daftari.
Nikacheka. Mwenyewe kafa zamani, itakuwa na nini?
Kisha mkono wangu ukakumbuka kabla yangu.
Mdeki una pete iliyokatwa kwa kisu:
ukizama mpaka kwenye pete, tumbo tupu.
Nikaushusha taratibu, uso nimeuweka pembeni.
Ukasimama.
Vidole vinne kabla ya pete.

Masalu alirudi nyuma hadi ukutani.
Mahabusu mmoja akaomba afunguliwe, atakiri.
Nikaomba maji; nikapewa chupa, imebaki nusu.
Nikamimina mdomoni, nikangoja, nikamimina tena,
mpaka kwenye kitundu cha fataki likachungulia tone jeusi,
likaanguka kwenye sakafu ya serikali.
Ndipo nikageuza mdeki, upande wenye skurubu,
nikavuta: makumbi,
vipande vinane vya nondo vilivyokatwa Gerezani,
makumbi tena,
na baruti imekuwa uji.

Alilishindilia lini?
Nguruwe wa mwisho Msongola, nilikuwa darasa la sita.
Baada yake walikuja wapima viwanja,
kisha malori ya mchanga, kisha nguzo za umeme,
na miaka yote hiyo yeye alilala na gobori lililojaa,
akimngoja mnyama
ambaye mji ulishamla njiani.

Koplo akaandika: Gobori, moja.
Risasi: akafikiri sana, akaandika, hakuna.
Kalamu ikaisha wino kabla sijatia sahihi,
akaniletea kidau, nikaweka dole gumba.
Lilelile.

Makumbi yalikuwa bado laini.
Nikayafunga kwenye pindo la kanga, hakuna aliyeniuliza.
Nje, kijana wa bodaboda alikuwa amengoja.
Bomba umeliacha?
Nikapanda, nikashika chuma cha nyuma.
Lilikuwa limeziba, nikamwambia.