Nukta ya Kumi na Saba

Likizo ya Juni, Arua, chumba cha kompyuta
chenye madirisha saba na feni moja isiyozunguka.
Tuko ishirini na wawili. Mwalimu Andruga
hatoi kitabu, anatoa kamba ya katani:
"Shika ncha. Mrushie uliyemsalimu leo."
Dakika kumi tu, tumenaswa
kama dagaa wa Panyimur, tunacheka,
naye anainama chini ya kamba akihesabu
nani ana nyuzi nyingi, nani ana mmoja,
nani amesimama ukutani mikono mitupu.
Huyo ni mimi. Basi la Koboko lilinichelewesha.

Kesho yake tukaingia sokoni na madaftari.
Swali moja, tulilikariri kwa Kilugbara na kwa Kiswahili:
*Ukikwama usiku, unampigia nani?*
Mama mmoja alimtaja mumewe,
akafikiri, akasema: mfute.
Fundi cherehani akataja watu tisa kwa pupa
kama anayelipa deni mbele ya mashahidi.
Na karibu kila mdomo ukaja na jina lile:
Ayikoru. Ayikoru wa chai. Mwandike Ayikoru.

Mwenyewe alikuwa akipuliza mkaa.
"Mimi?" Akapangusa jasho kwa kiganja.
"Andika utakavyo, maji yanachemka."
Nikaacha mstari wake wazi.

Usiku ule soko likawa nukta.
Ajabu kuliona zima, halina harufu:
nukta sitini na tatu, nyuzi mia mbili na ushee,
zikatikisika kwenye kioo, kisha zikatulia,
kila moja ikivutwa na wanaoijua.
Kumi na saba ikajikuta katikati,
nene, nyekundu, mishale yote imeielekea
na hakuna hata mmoja unaotoka.

Siku ya nne tukafunzwa kuigiza uhai.
Kila nukta tuliipa mfuko, deni, na kanuni tatu:
ukiwa nacho, kopesha;
ukikosa, omba;
ukinyimwa mara mbili, nyamaza.
Tukaendesha miaka kumi kwa sekunde arobaini.
Soko likapumua, likafilisika, likainuka.
"Sasa," akasema Andruga, "futeni kumi na saba."

Kidole kilisita juu ya kitufe.
Asubuhi ile nilikunywa chai yake.
Alikuwa akikohoa, uso ameugeuzia ukuta
ili kikohozi kisiingie vikombeni.

Nikabonyeza.
Hapakuwa na kishindo. Soko likaachana vipande vitatu
kama mkate wa juzi:
wauza angara kwao, wauza mihogo kwao,
na fundi wa viatu pembeni, peke yake,
anaomba, ananyimwa, anaomba,
amenyamaza.
Wenzangu wakaandika: hapa ndipo penye udhaifu.
Umeme ukakatika, kama kawaida yake,
na kwenye kioo cheusi nikabaki na sura yangu.

Nikamuuliza mwalimu: naweza kumchorea uzi mmoja?
"Data haibembelezwi. Kama uzi haupo, haupo."
Halafu, akizungusha kamba kwenye kiwiko chake:
"Lakini faili ni faili. Miguu unayo."

Nilimkuta akisugua sufuria kwa majivu.
Nikaomba simu yake, ya vitufe, imefungwa kwa mpira,
nikaingiza namba yangu.
Akanitazama kama aliyerudishiwa chenji iliyozidi.
"Ya nini?"
"Ukikwama usiku."
Akacheka hadi kikohozi kikamkamata.
"Wewe, wa Koboko! Utafika na nini? Na kompyuta?"

Kwenye ripoti yangu, ukurasa wa nne,
mstari wake bado ni sifuri.
Nimeuacha, maana siku ile ndivyo ulivyokuwa.
Ila tangu Julai
silali nimezima simu.