Dodoso, Mara ya Pili

Siku tatu Mwanga, chumba cha juu ya duka la saruji,
watu watano na kamusi mbili, tukigombana na neno moja.
Wa kwanza kaandika *kuingizwa katika jamii*.
Wa pili, asiyeiona karatasi ya asili,
akalirudisha neno lugha lilikotoka:
likafika limevaa sare, kama mtu apelekwaye rumande.
*Kutangamana*, akasema mwalimu Ruhwanya.
Zuri, ila la redioni.
Mwisho dada aliyeleta chai akauliza, birika mkononi:
"Si mnataka kujua kama mtu karudi kwa watu?"
Tukaandika hivyo.
Yeye hakuwemo kwenye orodha ya posho.

Nikashuka Ujiji na karatasi zangu.
Bi Mwavita aliuza mawese Buzebazeba;
kiharusi kilimkuta kashika debe,
mafuta yakatambaa hadi kizingitini. Doa lipo bado.
Nani hupika humu ndani?
Mwenyewe, mbili. Mkisaidiana, moja. Mtu mwingine, sifuri.
"Na mume wangu," akasema, mdomo ukivutwa upande,
"mzima wa viungo vyote,
mwandikie na yeye sifuri yake ya miaka arobaini."
Nikacheka. Kucheka hakuna kisanduku.

Kwa mwezi, huenda mara ngapi kwa ndugu, kwenye shughuli?
Harusini je?
Akanyamaza. Akautazama mkono wa kulia,
umelala pajani kama mtoto wa mgeni.
"Sinia ni moja, mwanangu, watu sita.
Nitie mkono gani?"

Hilo halikuulizwa kule dodoso lilikotungwa.
Huko, nadhani, kila mtu ana sahani yake.
Nikaliandika pembeni, kwa penseli,
herufi zikipanda ukingo wa karatasi.

Wiki mbili, nikarudi na maswali yaleyale.
Ndivyo chombo kinavyopimwa: majibu yasicheze.
"Haya uliniuliza. Kiharusi nimepata mimi,
kusahau umesahau wewe?"
Tukaanza. Kupika, sifuri. Sokoni, sifuri.
Fedha, mbili: ufunguo wa kasha bado u shingoni mwake.
Harusini?
"Moja. Ya Shukuru, mtoto wa dada."
Kalamu ikasita.
"Wifi yangu Chausiku alinikalia ubavuni.
Sinia ilipotua, akauficha mkono wake wa kulia chini ya khanga,
akala kwa kushoto,
akiwatazama mmoja mmoja, nani atasema."
"Wakasema?"
"Walisema. Tukala."

Usiku, kwenye hesabu, jibu la pili limelikana la kwanza.
Jedwali linaliita kosa la kipimo.
Nimeliacha kosa lilivyo,
na pembeni, kwa penseli tena, kwa kuwa alisisitiza:
pilau ilikuwa ya mbuzi,
na chumvi haikutosha.