Paka Analala Kushoto

Pikapu yangu ilizeeka siku moja, Jumanne,
kwenye kona za juu ya Kiwira,
mikungu ya ndizi hamsini mgongoni
na ukungu umekaa barabarani kama mwenye nyumba.
Nakanyaga. Injini inanguruma, inanguruma,
mwendo haupandi.
Baiskeli ilinipita. Tena ya kusukumwa,
imebeba mkaa,
na mwenyewe akanipungia mkono kwa huruma.

Fundi wa kwanza, pale Uyole,
alitoa plagi nne akazipanga kwenye gazeti
kama meno ya mtoto.
"Zimechoka." Nikanunua mpya,
zikapanda mlima kwa uchovu uleule.
Wa pili alilaumu mafuta.
Akavua chujio, akalipuliza kwa mdomo,
akatema petroli, kisha akatema bei.
Nikalipa kwa hela ya mbolea.
Wa tatu, kijana wa Mwanjelwa mwenye kompyuta,
alitafuta chini ya usukani pa kuchomeka waya,
akatafuta, akatafuta,
hata wapita njia wakainama kumsaidia.
Hapakuwa na tundu.
Pikapu ya umri ule haikufundishwa kujieleza.

Nyumbani Atupele akaanza kuiita mgeni:
inakula, na jembe haishiki.

Ikupa hakuja kwa ajili ya gari.
Yeye ni fundi wa mashine za kusaga,
alifuata deni lake la mkanda tangu Pasaka.
Hakufungua boneti.
Alisimama uani, mikono ndani ya koti la mvua,
akimtazama Kapuku, paka wa jirani,
aliyejikunja kando ya gurudumu la nyuma.
"Huyu hulala hapo kila ukirudi?"
Kila nikirudi.
"Upande huohuo?"
Nikafikiri.
Juni nzima, baridi ya Isyonje inauma mpaka kwenye kucha,
na paka hajawahi kulala kulia.

Akachota maji kwenye kopo,
akamnyanyua Kapuku kwa ngozi ya shingo, bila samahani,
akadondosha matone kwenye kitovu cha gurudumu.
Tsss.
Akazunguka. Kulia matone yakateremka tu,
yakaanguka matopeni.

"Nguvu inayo," akasema.
"Inaburuta breki toka Kiwira mpaka mlangoni kwako.
Hukusikia harufu?"
Nilisikia. Nilidhani ni watu wanachoma mabua.

Jeki, tofali, nyundo, matusi kidogo.
Dramu ikatoka inafuka,
bitana imebaki nyembamba kama ganda la kiazi.
Kebo ya breki ya mkono ilikuwa imeganda kwa kutu
ndani ya ala yake, imekaza, haiendi wala hairudi.
Hapo nikakumbuka usiku wa Mei, mvua,
mteremko wa ukweni kule Masoko:
niliivuta breki ile kwa mikono miwili
nikihofia gari litashuka lenyewe
likavunje ukuta wa mama mkwe.
Asubuhi mimi niliachia.
Yenyewe haikuachia.

Ikupa akaikata.
"Kebo mpya ukipata. Mpaka hapo, kuegesha ni jiwe."
Akachukua deni lake la mkanda,
na kwa ya leo akachagua mkungu mmoja,
uliokomaa vizuri kuliko wote.

Alhamisi nilitoka Kiwira na mzigo uleule.
Gia ya pili, ya tatu;
kwenye ile kona nikajikuta ninatafuta baiskeli
nimpungie mtu mkono. Hakuwepo.

Jioni Kapuku alikuja kama kawaida.
Akanusa gurudumu, akaligusa kwa unyayo,
akaniangalia
kama fundi anayeangalia kazi ya fundi mwingine.
Akajaribu kulia. Akarudi kushoto.
Kisha akaondoka, mkia umesimama,
kuelekea jikoni kwa mama Tumpe.

Nimemwekea gunia barazani.
Siku ya tatu leo, hajaja.