Chupa ya Arobaini na Moja

Shangazi Sangwan hakunipa daftari.
Alinipa tochi, kitambaa,
na chupa bapa mia mbili za pombe kali
alizozisugua mpaka walevi wa Nakhon Pathom
wakabaki harufu tu kwenye vizibo.
Kila chupa, beta mmoja.
Kati ya chupa na chupa, kipande cha boksi,
maana hawa wakionana hawasalimiani.

"Tenga. Madume huku, majike kule.
Saa nne anakuja mtu wa Ratchaburi."

Mwenye mapezi marefu, yanayoburutika
kama pazia lililosahauliwa kwenye upepo:
dume.
Mwenye pezi fupi, rangi ya chai iliyozidi maziwa:
jike.
Nikaenda mbio. Kumi. Ishirini.
Nikajiona fundi.

Akapita nyuma yangu, mikono imelowa hadi viwiko,
akarudisha sita bila neno.
Kisha:
"Urefu wa nguo umekuambia nini?
Hawa ni ukoo wa kupigana.
Dume wake avae mkia mrefu wa nini,
akamatwe nao?"

Akanipa kioo cha kujipodolea, kimemeguka pembe.
Samaki akajiona, akachukia alichokiona,
na chini ya matamvua zikafunuka ndevu nyeusi,
mwavuli uliofunguliwa kwa hasira.
Dume.
Jirani yake naye akavimba, ila ndevu zake
ufito wa giza tu, kama uchafu wa ukucha.
"Jike," nikasema. "Labda."
"Labda ni neno zuri. Lishike."

Tukamulika kwa nyuma.
Mwanga ukapenya nyama kama upenyavyo kidole cha mtoto,
nikaona kifuko cha mayai, pembetatu ya manjano,
kimejibanza nyuma ya utumbo;
na chini, jirani na mapezi ya tumbo,
nukta nyeupe, chembe ya chumvi
iliyomponyoka mpishi.
"Nukta haidanganyi?"
"Ukubwani, haidanganyi. Utotoni hata yenyewe hubabaisha."

Ya arobaini na moja ikanishinda.
Pezi fupi. Rangi ya kutu.
Mistari ya wima ubavuni, ya jike aliye tayari.
Ndevu, nusu.
Nukta, nikiinama ipo, nikiinuka haipo.
Na juu ya maji, chini ya jani la mkungu,
povu:
kitanda anachotandika dume kwa pumzi yake,
kipovu kwa kipovu, usiku kucha,
akingoja mayai atakayoyalea peke yake.

"Basi dume. Amejenga."
Shangazi akacheka hadi akakalia ndoo.
"Majike nao hujenga wakijisikia.
Nani kawakataza?"

Saa nne na robo gari likasimama.
Mtu wa Ratchaburi akashuka na viatu vyeupe,
akampita shangazi ubavuni,
shangazi mwenye neti mkononi
na nasaba ya kila samaki kichwani,
akanijia mimi, mwenye miaka kumi na minne na tochi,
akauliza kwa adabu zote:
"Bwana mwenye shamba yuko wapi?"

Nilimtazama shangazi. Hakuvimba.
Alijifuta mikono kwenye sketi, kidole kimoja kimoja.
"Chagua kwanza," akasema.
"Mwenye shamba atakuja kupokea pesa."

Akachagua thelathini. Akainua na ile chupa juani.
"Huyu jike?"
"Huyo hauzwi. Hajamaliza kusema."

Pesa zikatoka. Shangazi akazihesabu
mara mbili, mbele ya macho yake,
akazikunja, akazitia kifuani.
Mtu yule akaendelea kutazama mlango wa banda.
Nadhani anautazama hadi leo.

Jioni nilirudi na tochi inayofifia.
Povu lilikuwa limefika ukingoni mwa chupa.
Kila chupa ilikuwa na karatasi yake, D au J.
Kwenye hii niliandika 41,
nikarudisha boksi mahali pake,
nikazima.