Tunafuma

Kwenye duka lake la mtandaoni Vizma aliandika: "Tunafuma glavu."
Tu nani? Yeye, na paka,
na hita inayokohoa. Liepāja, theluji dirishani.

Oda ya kwanza ilipoingia alifunika kompyuta
kama mwizi aliyesikia ufunguo mlangoni.
Watajua. Nilijifunzia kwenye foleni za kliniki, cheti sina.

Kisha lalamiko, kutoka Oslo: kidole gumba kinabana.
Hakulia. Alifumua
mpaka kifundoni, akahesabu vitanzi kwa midomo,
akakosea, akarudia,
akafuma upya hadi saa nane usiku,
na mikono haikumwuliza cheti.

Asubuhi, kabla ya kwenda posta,
alifuta silabi moja, akaandika nyingine.
Ninafuma.

Paka hakupinga.