Sindano Zisizo Tundu

Saa nane za usiku, Barabara ya Kumi na Tano, Ngamiani,
kidole gumba cha mguu kimeamka peke yake.
Mimi mzima nimelala, mguu mzima umelala,
chenyewe kimewaka, kimevimba, kinang'aa
kama nyanya ya Mgandini iliyofutwa kwa kitambaa.
Mwanamkuu akanifunika, kwa huruma zake,
nikapiga ukelele. Kanga ile!
Kanga kuukuu, imefuliwa hadi maandishi yamefutika,
iliniangukia kama robota la mkonge.

Miaka thelathini na moja nimekaa na sindano.
Nazijua kwa namba, ya jinzi na ya hariri,
zimenichoma kucha, zimenichoma kiganja,
nikanyonya damu nikaendelea na pindo.
Hizi za sasa
sikuzitia mimi.

Semboja wa mkaa akasema, umetupiwa kitu.
Mwingine akasema hilo ni jongo, maradhi ya wenye nacho.
Mwenye nacho yupi?
Mimi wa supu ya utumbo asubuhi, kwa daftari,
wa dagaa mchana, wa figo za kuchoma jioni
pale kwa Chambo, mishikaki miwili, basi.
Nilipolisema hilo dirishani, duka la dawa,
Zainuna Kombo akainua uso:
"Hebu rudia hapo kwenye figo."

Akageuza risiti, akachora mstari.
Asidi ya yuriki, akasema, kila mtu anayo,
yako imezidi, na figo zako hazifui dafu kuitoa.
Si mdomo tu, Fundi, hata damu ya ukoo imo.
Ikizidi hutuama, kama chumvi chini ya kikombe,
hutafuta pembezoni, penye baridi, hugandia hapo.
Kwenye hadubini utaona sindano tupu.

"Zina tundu?" nikauliza.
Akacheka. Hazina.
Sindano gani sasa, isiyopitisha uzi?

Akanipa pakiti mbili, kama daktari alivyoandika.
Kolchisini, hii ya moto.
Alopurino, hii ya kuni.
Ya moto itakoma, ya kuni ni kila siku,
uumwe usiumwe. Maji mengi. Na ukiona upele,
hata kama wa joto, acha, uje mbio.

Mimi nikasikia nusu. Ya moto ikaniharisha, nikaitupa.
Wiki ya tatu kidole kikawaka upya,
nikaitia na ya kuni mtoto wa meza, kati ya vifungo.
Dawa gani inayoleta ugonjwa?
Na ilikuwa Desemba, sare za shule sitini na mbili,
kanyagio la cherehani chini, zito kama mlango wa msikiti.
Mwanamkuu akavuta kigoda, akaingiza miguu yake,
yeye akikanyaga, mimi nikiongoza kitambaa,
tukaenda hivyo siku kumi na moja,
tukigombana kwenye kona za kola.

Januari nikarudi dirishani, nimevaa ndala moja.
"Uliacha," akasema, hata sijafungua kinywa.
"Zile sindano zilikuwa zinayeyuka.
Zikitikiswa huchoma. Ndiyo maana zilikuwa pakiti mbili."
Nikatazama sakafu. Fundi mzima,
nisiyejua kwamba kufumua nako kunauma.

Sasa mwezi wa nane. Nimepimwa Bombo mara tatu,
namba inashuka, dozi ikapandishwa, namba ikashuka tena.
Kwa Chambo napita upande wa pili wa barabara,
moshi unavuka, unanifuata.
Kazi ngumu si maumivu. Kazi ngumu ni asubuhi hizi,
kumeza kidonge kwa ajili ya kitu ambacho hakipo.

Mara nyingine nashtuka, saa nane ileile.
Nakichezesha kidole chini ya kanga, polepole,
kama anayegonga mlango wa mdai wake
akiomba asiwepo.
Kimya.
Mwanamkuu anauliza gizani, "Kipo?"
"Hakipo."
"Vidonge je?"
Vimebaki viwili. Kesho Ijumaa, Zainuna hufunga mapema.