Hatua ya Sita

Niliandika hatua: ondoa mistari mitupu.
Mashine ikashuka hadi hifadhi ya zahanati,
ikahesabu upya punda wote wa Lamu.
Nikaandika: panga kwa mitaa, Langoni kwanza.
Ikashuka tena.

Famau akapiga simu kutoka chini:
"Wewe, mara ya nne hii! Waniuliza lile lile,
nami nina punda hapa ana msumari kwatoni."

Nilidhani kila hatua ni ndoo:
napokea, nachuja, nampa wa pili.
Kumbe ni maneno tu ya kuelekeza njia,
na anayeelekezwa hakumbuki alikofika;
huanzia kisimani kila mara.

Ningeweza kunakili mara moja, nifungie mezani.
Ripoti ingekwisha kabla ya adhuhuri,
na mkubwa wangu angenyamaza.

Ila hatua ya tano ilisema mia tatu na kumi,
ya sita, mia tatu na kumi na mmoja.
Nikampigia Famau. Akacheka.
"Yule wa msumari. Hakuwa daftarini.
Nimemwandika sasa hivi.
Mwenyewe kamwita Deni."